Sola na betri nyumbani Jambiani, mwaka mmoja na nusu baadae: yaliyonifurahisha na yaliyoniudhi

Assalam alaykum wenzangu. Nimeulizwa mno kuhusu sola yetu, wengine wananipigia simu kabisa, sasa nimeona bora niandike yote pamoja mtu asome atulie. Mafundi waliotufungia sitawataja hapa maana kuna mambo nayasifu na mambo nayalaumu.

Sisi tunakaa Jambiani, Unguja, nyumba ya mawe na bati, kama mita 150 kutoka baharini. Kazi yangu ni pweza na ngisi. Bamvua likiingia, yaani zile siku bahari inatoka mbali sana, akina mama wanarudi kutoka mwambani na mimi nanunua, nasafisha, nagandisha, halafu nawauzia wenye mikahawa kidogokidogo mpaka bamvua lijalo. Kwa hiyo maisha yangu yote yako ndani ya friza. Mwaka juzi umeme ulikatika Ijumaa usiku ukarudi Jumapili, friza lilikuwa na kilo 60 ndani, na genereta siku hiyo likagoma. Nilivyofungua ile Jumapili wallahi nilikaa chini. Zaidi ya laki 6 imekwenda, na wale akina mama nshawalipa.

Na sie watu wa Unguja tunajua hili jambo linaweza kuwa kubwa kiasi gani. Umeme wetu unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, Ras Kiromoni mpaka Fumba. Mei 2008 ulikatika karibu mwezi mzima, halafu ukaja ule wa Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima giza, maji hakuna kwa sababu pampu hazifanyi kazi, mtu anabeba ndoo. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja 2013 na mambo yakawa mazuri sana ukilinganisha na zamani, hilo lazima tuseme. Lakini mie niliyeona miezi mitatu ile siwezi kulala nimeweka mtaji wote kwenye kitu kinachotegemea waya mmoja.

Niseme kwanza hii si sola yangu ya mwanzo. Mwaka 2019 tulifungiwa na fundi mwengine, bei rahisi, betri mbili za jeli za 200Ah na inveta ndogo (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri uwe wa kutumia nyumbani), stendi ya chuma kilichopigwa rangi. Ilikufa yote ndani ya miaka miwili. Stendi ilianza kutoa kutu mwezi wa 5 au wa 6 tu, mwaka wa pili nati zimeshikana huwezi kufungua, bati lote limechora michirizi ya kutu. Betri zikavimba. Nilidhani nimeuziwa feki, kumbe baadae nikaja kufahamishwa kwamba betri za jeli hutakiwi kuzitumia zaidi ya nusu ya chaji yake, na sisi kila usiku tulikuwa tunazimaliza mpaka inveta inapiga kelele, na juu ya hilo ziliwekwa stoo chini ya bati ambako mchana mtu huwezi kusimama dakika 10. Betri za aina ile kwa kila digrii 10 za joto kupita 25 umri unakatika karibu nusu. Hakuna aliyetwambia. Ndo maana sasa nikaamua nitauliza kila kitu hata kama fundi atachoka.

Basi hawa mafundi wa sasa, ni vijana wanne wa mjini, mmoja kasoma chuo cha Karume pale Mbweni. Kitu cha kwanza kilichonipendeza ni kwamba yule mkuu wao alipokuja hakupanda juu ya bati. Alikaa na daftari akaniambia mama hebu nitajie kila kitu kinachokula umeme humu ndani na kinawaka saa ngapi. Friza, friji, feni 3, taa, TV, pampu ya kisima, waifai. Akaja na kijisoketi cha kupimia akakichomeka kwenye friza akakiacha siku nzima. Ikatoka karibu uniti 2 kwa siku friza peke yake, na hiyo ilikuwa siku za maji mafu ambapo sina mzigo mpya. Kwa jumla nyumba ikatoka kama uniti 8 kwa siku, na ndani ya hizo 8 kuna uniti moja na nusu hivi ambayo inveta yenyewe inaila, maana inveta za ukubwa huu hata ukizima kila kitu zinakula wati 50 mpaka 60 mchana na usiku. Hilo watu wengi hawahesabu kabisa.

Birika, pasi na oveni akasema hivyo viacheni kwenye umeme wa laini au tumieni mchana jua likiwa kali, usiku sahau. Alivyosema wazi hivyo nikamuamini.

Tukafunga Februari mwaka jana. Paneli 6 za Jinko za wati 550, inveta ya Deye ya kilowati 5 na betri moja ya lithiamu aina ya LiFePO4, voti 51.2 na 100Ah, yaani uniti 5 na kidogo. Bei niliyolipa ili mtu apate picha: paneli milioni 1 na laki 6 na 20, inveta milioni 2 na laki 4, betri milioni 3 na laki 3, reli na waya na breka na vifaa vya radi milioni 1 na elfu 150, ufundi na usafiri laki 7. Jumla milioni 9 na elfu 170. Baadae nikaongeza betri ya pili milioni 3 na laki 2, nitafika huko.

Sasa la kibla. Mimi nilitaka paneli zitazame baharini kwa sababu upande ule bati letu ndo kubwa na jua linatoka huko. Fundi akasema hapana mama, tunaelekeza kibla. Nikashangaa, akanifahamisha, sisi huku tuko kusini ya ikweta digrii 6 hivi, na kibla yetu Zanzibar ni kaskazini karibu sawasawa, na jua kuanzia Aprili mpaka Septemba linapita upande huo huo wa kaskazini, kwa hiyo paneli zikitazama kibla zinapata zaidi katika miezi ile ya mawingu ambayo ndo unazihitaji. Disemba jua linahamia upande wa kusini lakini linakuwa karibu na utosi, hupotezi kitu kikubwa. Ikiwa nyumba yako imekaa vizuri we angalia msikiti wa jirani mihrabu iko wapi, basi.

Lakini kuna jambo lililofuata ambalo sikulisikia kwa mtu mwengine yeyote. Ukiinamisha paneli zitazame kaskazini maana yake ukingo ulionyanyuka uko kusini, na kusi linapovuma kuanzia masika kwisha mpaka Septemba linaingia chini ya paneli kwa nguvu zote na kuzinyanyua kama tanga. Paneli moja ni zaidi ya mita 2 kwa mita 1 na kitu, sita pamoja ni tanga la dau kubwa. Kwa hiyo hawakuziinamisha sana, waliziacha digrii 10 tu, inatosha mvua kuteremsha vumbi, na zimelala karibu na bati hakuna nafasi kubwa chini. Nina jirani paneli zake zimesimamishwa juu kama antena, Julai mwaka jana zilibebwa mbili. Mtu hakuumia alhamdulillah.

Na hapa ndo nataka watu wa pwani mnisikie vizuri. Huku jua si shida, jua lipo. Chumvi ndo inayoua. Ukipitisha kidole kwenye kioo cha dirisha asubuhi wakati wa kusi unaona unga, basi unga huo unaingia kwenye kila nati. Mafundi wangu walileta reli za aluminiamu na bolti za stenlesi ile ya 316 ambayo ndo inastahamili bahari, siyo stenlesi yoyote tu, ile ya kawaida ya 304 nayo inapata madoa huku. Na pale bolti inapokutana na aluminiamu wakapaka grisi maalumu na kuweka mpira, kwa sababu madini mawili tofauti yakikutana na maji ya chumvi moja linamla mwenzake. Waya wa juu ya bati wote ni ule mweusi wa sola wenyewe usioharibiwa na jua, umefungwa kwenye reli haulali juu ya bati. Konekta zimeangalia chini na zimekaa kivulini chini ya paneli. Mwezi uliopita nilimpandisha kijana wangu na simu apige picha kila bolti, miezi 18 na hakuna kutu hata moja. Wallahi niliziangalia zile picha nikafurahi kama nimeletewa mtoto, kwa sababu ile stendi ya zamani mwezi wa 18 ilikuwa inaanguka vipande.

Tofauti ya bei kati ya bolti nzuri na mbaya kwa mfumo mzima ilikuwa haifiki laki na nusu. Laki na nusu kwenye milioni 9! Fundi akikupunguzia hapo muulize kwa nini.

Ethi, yaani ile nondo ya kupeleka umeme wa hitilafu na radi ardhini, ilitusumbua. Jambiani chini ni mawe ya matumbawe matupu, ukipiga nondo ya shaba inaingia shubiri mbili inagonga jiwe. Walijaribu sehemu tatu. Mwisho wakaenda upande wa nyuma karibu na kisima ambako kuna udongo na unyevu, wakapiga nondo mbili na kuziunganisha. Ilichukua siku nzima na hawakuongeza bei. Nawasifu sana kwa hilo, maana paneli 6 zimeungwa mfululizo na waya unaoshuka una karibu voti 300 za DC, si mchezo, na fundi mwengine angekata kinondo akakifukia uani na mimi nisingejua. Pia walinionyesha breka mbili za DC, ipi ya paneli na ipi ya betri, na wakasema usichomoe konekta ya paneli jua linawaka, inatoa cheche inayounguza mkono, anza na breka.

Inveta wameiweka ukumbini kwenye ukuta ambao hauguswi na jua la jioni, betri chini yake juu ya kijukwaa cha tofali. Nilitaka kuficha stoo kwa sababu ya sura, wakakataa, na mimi nilivyokumbuka zile betri za mwanzo nikanyamaza. Matundu yote ya waya wakaziba na silikoni kwa ajili ya chungu na mijusi. Hili nilidhani wanazidisha mpaka dada yangu wa Makunduchi inveta yake ikaungua, kufungua wakakuta mjusi kakauka juu ya bodi.

Sasa yaliyoniudhi.

Kwanza walichelewa wiki 3. Kila siku mzigo uko bandarini, mzigo uko bandarini, hatimae nikagundua inveta walikuwa hawajaagiza. Si vizuri kabisa, nilishalipa nusu na bamvua mbili zimepita. Wangesema ukweli ningengoja.

Pili tundu moja la bati lilivuja masika ya kwanza. Walikuja kuziba baada ya siku 5 na dari ya chumba cha watoto ina doa mpaka leo.

Tatu, na hili ndo kubwa, waliniambia betri moja inatosha. Ukihesabu kwa karatasi usiku wetu ni kama uniti 4 na nusu, na betri ya uniti 5 hutakiwi kuimaliza mpaka mwisho, ukila asilimia 80 unapata 4 na kidogo tu. Yaani hata kwa hesabu yao wenyewe ilikuwa haitoshi, na daftari lao ninalo. Nadhani waliogopa nitaona bei kubwa nikakimbia. Basi Aprili ikaja masika yenyewe, siku tatu mfululizo wingu zito, paneli zinatoa uniti 4 au 5 kwa siku nzima, na bamvua limeingia nimetia kilo 40 za pweza mbichi kwenye friza. Friza ukilitia mzigo wa moto halizimiki, linanguruma usiku kucha. Saa 9 ya usiku betri chini, umeme wa laini nao haupo, giza. Nikawasha genereta mpaka alfajiri. Nililia kidogo siwafichi, nilikuwa nimeshaona milioni 9 imekwenda bure.

Niliwapigia nikawaambia yote. Hawakubisha. Mkuu wao akaja mwenyewe, akakubali alikosea, akaniuzia betri ya pili kwa bei aliyonunulia na kunifungia bure mwezi wa Juni. Kabla ya kuziunganisha alizichaji zote mbili mpaka zikajaa kwanza, akapima voti zilingane, kwa sababu ukiunga moja imejaa na nyengine iko chini umeme unakimbia kwa nguvu kutoka moja kwenda nyengine na unaweza kuharibu. Na lazima ziwe aina moja. Tangu hapo nina uniti 10 za betri na sijapata usiku wa giza, hata masika ya mwaka huu, ila kuna siku 6 au 7 ambazo inveta ilichukua umeme wa laini kujazia, tumeiseti ikifika asilimia 30 ichukue.

Nimejifunza mwenyewe jambo moja ambalo fundi hakuniambia. Pweza wapya nawatia kwenye friza kuanzia saa 4 asubuhi mpaka saa 8, jua likiwa kali, sio jioni kama zamani. Ile kazi kubwa ya kugandisha inafanywa na jua moja kwa moja, usiku friza linashikilia baridi tu. Wale wa jioni nawaweka kwenye barafu mpaka asubuhi. Pampu nayo saa 5 mchana, kwa sababu inapoanza inavuta mara 4 ya nguvu zake kwa sekunde chache na sitaki hiyo iwe juu ya betri.

Msitegemee kuona wati 3,300 kwenye simu hata siku moja. Mimi kubwa niliyoiona ni 2,900, wingu limetoka ghafla na upepo unapuliza. Siku za kawaida mchana 2,500 mpaka 2,700. Paneli ikiwa ya moto inapungua, na juu ya bati letu ni moto kwelikweli. Hiyo ni kawaida, usimgombeze fundi.

Usafi: kila wiki 2 wakati wa kusi, mwezi mara moja wakati mwengine. Alfajiri kabla jua, kioo kikiwa baridi. Na maji ya kisima chetu yana chumvi, nilisafishia mwanzo yakaacha weupe kama chokaa, sasa natumia ya mvua niliyokinga kwenye tangi. Kunguru nao, jamani kunguru! Wanakaa pale juu wanakula mifupa ya samaki wanachafua, na kinyesi kikikauka sehemu moja paneli inapata joto sehemu ile tu na kuharibika taratibu. Tumefunga uzi wa kuvulia juu yake, wamepungua lakini hawajaisha.

Mtu ataniuliza pesa inarudi lini. Zamani nilikuwa naingiza Tukuza (umeme wetu wa kulipia kabla) ya elfu 70 au 80 kwa mwezi, sasa elfu 10 mpaka 15. Ukihesabu umeme peke yake, milioni 12 na kitu itarudi baada ya miaka 15 huko, kwa hiyo anayekwambia miaka mitatu anakudanganya. Mie hesabu yangu ni nyengine, petroli ya genereta sinunui tena, na tangu Juni mwaka jana sijatupa hata kilo moja ya pweza. Mwenye nyumba ya taa na TV tu namshauri asifunge mfumo kama wangu, betri ndogo na paneli 2 inamtosha, na kuna vijiji vimewashwa na akina mama waliofundishwa sola Kinyasini ambao wanafunga vidogo hivyo na wanarudi kukutengenezea.

Kama kwenye 10 basi vifaa nawapa 9, kazi ya mikono 9, ukweli wa maneno 5, kurudi wakiitwa 8. Nitawaita tena Inshallah kwa nyumba ya mama, lakini safari hii hesabu ya betri nitafanya mwenyewe na nusu ya pesa haitoki mpaka nione inveta ndani ya boksi.

Na wale mnaoniuliza kuhusu makuti, hapana, usifunge paneli juu ya makuti. Hayabebi uzito huo na cheche moja inatosha. Dada wa nyumba ya tatu ana makuti, amejengewa kibanda cha bati uani cha mita 5 kwa 4 mbali na mnazi, paneli zimekaa pale na chini yake anaanikia mwani mvua ikinyesha.